Barua kwa mwanangu aliye Lubumbashi

Bukavu, Mei 2020

Mwanangu,

Juzi ulipopiga simu ukatusikia tunacheka huku radi inapiga, ulikasirika. Ulisema watu wanakufa kwa korona, mpaka wa Rwanda umefungwa, baba hana mshahara, sasa ninyi mnacheka nini? Simu ikakatika kabla sijakujibu. Basi nakuandikia, mdogo wako ataichapa barua na kuituma uniti zikipatikana.

Tulikuwa tunamcheka Koko, mzee wetu wa humu ndani. Ngoja nikueleze yote, maana ukisikia nusu utadhani tumemvunjia heshima.

Mvua ya kwetu unaijua. Kwenu huko imeshakatika, sisi bado inatuchapa karibu kila alasiri. Tangu shule zifungwe tarehe 19 Machi na Rais atangaze hali ya dharura tarehe 24, tumebanana wote humu ndani, na mvua ikigonga mabati hatusikiani. Umeme hukatika hata kabla ya tone la kwanza. Hapo Koko huanza kazi yake: anafunika kioo kwa kikwembe, anazima simu za watu wote, anamvua mdogo wako fulana nyekundu, kisha anapanda kitandani na kukunja miguu.

Baba yako naye, na mwalimu asiye na darasa ni hatari, akaona amepata pa kufundishia. Aliwaambia watoto: ukiona mwanga anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilometa moja, kwa sababu sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde na mwanga haungoji mtu. Hiyo ndiyo hesabu yao ya konfinema, huku kufungiwa nyumbani. "Tisa! Iko Panzi!" "Sita! Imefika Kadutu!" Siku uliyopiga simu, mwanga na mlio vilikuja pamoja, kikombe kikaruka mezani, na kitinda mimba wetu akasema kwa kasauti kadogo: "Sifuri. Iko kwetu."

Kuwatuliza, baba yako akasema tusishangae, kuna watafiti waliohesabu radi za dunia nzima kwa setilaiti. Mwaka 2016 walitoa orodha yao, na Kabare yetu hapa jirani ikawa ya pili duniani, radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilometa mraba. Koko, mzaliwa wa Kabare, akashusha miguu. "Ya pili? Ya kwanza nani?" Akaambiwa ni ziwa moja huko Venezuela, linaitwa Maracaibo, linatupita kidogo tu. Akanyamaza, akawaza, akasema: "Hao hawakuhesabu usiku." Ndicho kicheko ulichokisikia. Mpaka leo hajaridhika. Radi ikipiga sana anamwambia baba yako, "Andika hiyo."

Kuna na habari ya bati. Wiki ile ya upepo mkali, ule unaotoka ziwani na kuvuka mto Rusizi wa mpakani bila jetoni ya kupitia wala kupimwa joto, bati moja la Baba Mapacha wa pale juu liling'oka, likapaa, likatua katikati ya lengalenga zangu, mchicha wangu wote. Mvua haijaisha, Baba Mapacha akashuka na kashene, barakoa yake, usoni, akasimama mbali kama tulivyoagizwa, akaomba bati lake. Mimi nilikuwa natazama lengalenga zilivyolala, moyo umeniuma. Koko akatokea mlangoni akamwuliza bati limetoka wapi. Akajibu, "Kwangu, Koko." "Limepita wapi?" "Hewani." "Basi limesafiri. Litakaa hapa siku kumi na nne."

Baba Mapacha alicheka mpaka akashika mti wa parachichi, na kule kwake watoto wananyeshewa! Halafu tukalibeba, mimi na yeye na baba yako, tukipanda matope yale ya kuteleza. Misumari ilikuwa imepinda yote. Tuliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, baba yako akajigonga kidole akasema neno ambalo mwalimu halisemi. Kesho yake watu wa juu na wa chini tulichimba mtaro, kwa sababu unajua mlima wetu: maji yakitoka kwa Baba Mapacha yanaingia kwetu, yakitoka kwetu yanamwangukia wa chini juu ya paa. Serikali imekataza kukusanyika zaidi ya watu ishirini. Nilihesabu, hatukufika.

Na kashene zenyewe. Nilishona kadhaa kwa mabaki ya kikwembe changu cha manjano, nikazifua, nikazianika. Mwewe akashuka, nikadhani anataka vifaranga, nikakimbilia vifaranga. Akanyakua kashene akaenda zake. Mwewe huwa anatandika tundu lake kwa matambara, baba yako anasema. Basi katika kartie hii, mtaa mzima, aliyeipokea kashene bila kubishana ni yeye peke yake.

Usidhani hatuogopi. Usiku mvua ikinyesha mfululizo mimi silali, nasikiliza ukuta wa nyuma. Na Uvira unajua yaliyotokea, usiku wa kuamkia 17 Aprili, mto Mulongwe ulipofurika. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka. Shangazi yako alitoka na watoto gizani, wakishikana mikono. Redio ilikuwa inawaambia watu wakae nyumbani, na yeye nyumba hana, analala na familia nyingine kwenye darasa tupu. Siku zile humu ndani hakuna aliyecheka. Baba yako alikuwa akipiga namba yake asubuhi na jioni, haipatikani.

Halafu shangazi yako akapiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima. Nilijiandaa kulia naye. Akaniambia mto umebeba kitanda, umebeba meza, umebeba hata mlango, ila pale palipokuwa mlango umemwachia sufuria kubwa, ya kupikia harusi, ambayo si yake. Hajui mwenyewe ni nani. Anazunguka nayo kichwani kartie nzima akiuliza, na kila anapouliza watu wanadhani anakuja kuwapikia. Alianza kucheka yeye, mwanangu, sisi tulifuata tu, na mimi machozi yananitoka.

Mengine ni ya kawaida. Kamembe ya Rwanda tunaiona ng'ambo kila mvua ikikatika, karibu kabisa, na hatuwezi kwenda hata kununua mche wa sabuni. Sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, zinapatikana mwezi ukiwa mdogo. Zako nimezikausha, ndege zikianza nitakutumia. Juni baridi ya Lubumbashi inakuja, tafuta blanketi zito usijifanye mtoto wa milimani. Pesa usitutumie.

Mpigie shangazi yako. Namba yake imebadilika, mdogo wako ataituma pamoja na barua hii. Usimwulize habari za nyumba. Muulize habari za sufuria.

Mama yako