Mama Upendo, njoo Arusha tuongee maji

Ngarenaro, Arusha
Jumapili jioni

Mama Upendo, dada yangu,

Shikamoo. Huku wote tu wazima. Mvua zimeanza na njia ya kwenda soko la Kilombero ni tope tupu. Salamu zako zimenifikia, na lile swali lako bado ninalo. Uliniuliza: tukikusanyika kila mara kuongea demokrasia, afya, sanaa na haki, ndoo ya maji anaijaza nani? Umefanya kazi wodini miaka mingi, umepokea watu walioletwa wakiwa wamechelewa, kwa hiyo najua swali hilo limetoka wapi. Ila jibu lake ni refu, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Mikutano hii ilianzishwa na vijana wachoraji pamoja na walimu wachache. Mwanzoni kulikuwa na meza kuu, kitambaa na chupa za maji juu yake, mgeni rasmi anasubiriwa. Kila aliyeshika kipaza sauti alianza kwa itifaki. Hadi wamalize kutambuana, akina mama wenye watoto migongoni walikuwa wameshaondoka. Siku hizi meza kuu haipo. Viti vinapangwa duara kwenye ua wa shule, mwenye shida ndiye anayeanza kusema, mtaalamu anasikiliza kwanza. Kwangu mimi hilo ndilo lililouokoa mkutano.

Siku ya afya alisimama mama mmoja aliyehamia mjini kutoka Ngarenanyuki, kule miteremkoni mwa Mlima Meru, yuko na kijana wake wa sekondari. Kijana akaulizwa jina, akalitaja huku kiganja kikiwa mdomoni. Mama yake akamwambia taratibu, "Toa mkono, baba." Meno ya mbele yalikuwa ya kahawia iliyokolea, mengine yamemeguka kwenye ncha kama chokaa ya ukuta wa zamani. Mama akasema shuleni wenzake humsema kwamba hapigi mswaki, na mtoto anapiga mswaki asubuhi na usiku. Kisha, bila kuombwa na mtu, mzee mmoja upande wa pili akaonyesha meno yake. Akafuata dada muuza mboga. Wengi kwenye duara lile walikuwa na alama hizo hizo, na kila mmoja alikuwa ameibeba aibu hiyo peke yake.

Baada ya hapo ndipo mwalimu wa sayansi akaeleza. Wewe haya unayajua, lakini ungeziona nyuso za watu! Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo chini huyabeba. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchini kwetu kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kilifika miligramu 8. Jino huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, basi mswaki wa baadaye haulirudishi. Madini yakizidi kwa miaka, mifupa nayo huumia, na hao watoto wenye miguu iliyopinda tumewaona wote. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki. Bibi mmoja akauliza, "Na magadi je?" Mwalimu akasema ndiyo, hata magadi tunayotia kwenye makande yanaweza kuwa nayo. Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema amepika kwa magadi tangu aolewe na hajawahi kuambiwa.

Hapo mazungumzo yalitoka kwenye afya yenyewe, wala hakuna aliyeyasukuma. Palepale Ngurdoto, njia unayopita ukija kwetu, kuna kituo cha serikali ambacho kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Watu wakauliza: kama dawa ilijulikana hapo jirani, kwa nini mama wa Ngarenanyuki hakuijua? Kisima chetu nani amekipima? Majibu yako wapi, na kwa nini yasibandikwe tukayasoma? Mama Upendo, mimi naiona demokrasia hapo, kwa mwananchi anayedai karatasi ya vipimo vya maji anayokunywa. Siku ya kura ni moja, na maji tunakunywa kila siku.

Upande wa sanaa nitakueleza jambo moja tu. Vijana wa hip hop walikuwepo na walifanya vizuri (mji huu ndio uliowatoa X Plastaz, walioingiza uimbaji wa Kimaasai kwenye rapu), lakini kilichowasha moto ni ukuta. Mchoraji mmoja aliomba ruhusa, akachora msichana aliyefunika mdomo kwa khanga, na pembeni yake msichana yule yule anacheka, meno yake ya kahawia yako wazi. Wazee wawili wakataka meno yapakwe meupe, wakisema picha inauaibisha mji. Mama wa yule kijana akasimama mbele ya ukuta akakataa. Akasema mkiyapaka meupe mtakuwa mmemfunika mdomo tena mwanangu. Wakabishana kwa heshima hadi jua likawa linazama. Mpaka leo meno ni ya kahawia, nami nafurahi kila nikipita pale.

Sasa haki. Unajua mji wetu ulivyozoea kuwapokea watu wanaokuja kuzungumza mambo yao. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini hapa Agosti 1993, wa Burundi Agosti 2000, baada ya Mwalimu Nyerere kuusimamia hadi kifo chake na Mandela kuupokea. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi mwisho wa 2015. Sisi tuliona misafara ikipita, tukawauzia chakula na kuwapangishia nyumba. Mzee mmoja aliuliza swali ambalo limenikaa moyoni: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa Arusha tangu 2007, je, mimi naweza kwenda? Mwanasheria kijana alimjibu bila kuzunguka. Zamani ungeweza, ukishamaliza mahakama za nyumbani. Ndiyo njia aliyopita Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama, na Juni 2013 mahakama ikasema haki yake ilivunjwa. Lakini Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililoruhusu mtu mmoja mmoja na asasi kufungua kesi pale moja kwa moja. Kinachobaki ni kupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia. Mimi naumia, na nilisema hivyo mbele ya watu: jengo liko kwetu, na mlango tumefungiwa.

Mzee hakukata tamaa. Alitukumbusha mwaka 1951, wakoloni walipowahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Wameru wakakaa, wakazungumza, wakachanga, na 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kule New York. Wakili wao, Earle Seaton, alikuwa na ofisi hapo hapo Moshi kwako. Azimio la kuwatetea halikupata kura za kutosha, lakini dunia ilishasikia. Nikamtazama yule mama wa Ngarenanyuki. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza habari za kwao.

Kwa hiyo, dada, kuhusu ndoo yako: bado haijajaa, sikufichi. Ila kundi la akina mama lilikwenda mkutano wa mtaa likiwa na ombi moja tu, na sasa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa kuna karatasi ya vipimo vya kisima kimoja. Kiwango kimepita kile cha Shirika la Afya. Cha pili tunakifuatilia. Shule imeanza kukinga maji ya mvua kwa ajili ya wadogo, na huenda tukapata matangi zaidi.

Tunakuhitaji wewe. Akina mama wanauliza uji wa mtoto anayeanza kula upikwe kwa maji yapi, na kama maziwa ya mama yana shida. Mwalimu wetu amesema wazi hapo si mahali pake. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Panda Coaster ya asubuhi, nitakupokea stendi, utalala kwangu. Usiandae hotuba, waache waseme kwanza. Na kama utapata nafasi, ulizia hapo kazini kama kuna mtu anayejua gharama ya chujio la mkaa wa mifupa kwa nyumba moja, maana hilo wataliuliza kabla hujakaa.

Msalimie sana Baba Upendo, na mwambie Upendo mama yake mdogo anamkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Eliya