Ajira na mikasa ya nyumbani ni hazina ya mwandishi wa riwaya za upelelezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nitoe maoni yangu kuhusu riwaya za upelelezi zinazoandikwa na vijana wetu. Nyingi nilizosoma hivi karibuni zimejaa majambazi wa kimataifa na helikopta, lakini ni nadra kukuta ndani yake ofisi inayofanana na ofisi au familia inayofanana na familia. Waandishi hao wana ajira na wana ukoo, na inanisikitisha kuona wanavipa kisogo.

Mimi ni mtu wa masijala ya hospitali, na labda ndiyo sababu P. D. James, mwandishi Mwingereza aliyefariki mwaka 2014, amenigusa kuliko wengine. Mama yake alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili James akiwa bado msichana. Baadaye mumewe, aliyekuwa daktari, alirudi kutoka Vita Vikuu vya Pili akiwa na maradhi ya akili, akawa mtu wa kulazwa mara kwa mara hadi alipofariki mwaka 1964. Jukumu la kuwatunza mabinti wao wawili likawa la James, aliyeajiriwa katika utawala wa hospitali jijini London na kuandika alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Katika riwaya yake ya pili, iliyotoka mwaka 1963, mauaji yanatokea ndani ya kliniki ya magonjwa ya akili: anayeuawa ni ofisa utawala, na maiti yake inakutwa katika chumba cha kumbukumbu, majalada ya wagonjwa yakiwa yametapakaa sakafuni. Aliyewahi kukabidhiwa funguo za chumba kama hicho anajua nani huruhusiwa kuingia, na jalada moja lisiporudishwa mahali pake huzua maswali gani. Wakati huo mumewe alikuwa bado hai na mgonjwa, na naamini ndiyo maana wagonjwa wa akili katika riwaya hiyo wanaheshimiwa kama binadamu wengine. Mwaka 1968 alihamia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na mwaka 1977 akatoa riwaya ya mauaji katika maabara ya uchunguzi wa jinai. Hakuacha ajira hadi mwaka 1979, ingawa jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma.

Kwetu pia, Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa, alikuwa bwana afya Unguja kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948. Kazi ya ukaguzi humfikisha mtu kwenye nyua na visima ambavyo mgeni havioni, kwa hiyo sishangai kwamba mpelelezi wake hutegemea macho na akili kuliko bastola.

Ombi langu ni kwamba gazeti lenu litenge ukurasa wa hadithi fupi za upelelezi zitakazoandikwa na wauguzi, maofisa forodha, na hasa makarani wa mahakama, wanaojua jinsi jalada la kesi ya mirathi linavyoweza kupotea kisha likaonekana. Sharti liwe kwamba mambo ya wagonjwa na wadaawa halisi yasitambulike hata kidogo, maana siri ya kazi lazima ilindwe.

Msomaji wenu,
Tanga