Nijibu kabla ya Jumamosi

Swahiba yangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu umeshanijulia. Nikikuuliza hali, unasema "salama tu", unaingiza habari za mpira, tunacheka kidogo, tunaagana. Barua haikatiki katikati, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu mzee afariki nimekuwa nikikuangalia. Msiba wote uliubeba wewe. Ulipokea watu, ulipanga safari za ndugu, ulimshika mama mkono mpaka kaburini, na jicho lako halikulowa. Watu wakasema, "Huyo ndiye mwanaume." Nilijivunia kuwa rafiki yako, na bado najivunia. Ila naona sifa ile ilikufungia mlango. Mtu akishaambiwa mbele za watu kwamba yeye ndiye tegemeo la ukoo, ataenda kulia wapi?

Siku hizi hasira zako ziko karibu. Mtoto kaangusha kikombe, ukamkaripia mpaka akatetemeka, na wewe ndiye uliyekuwa ukitushauri sisi tusiwapigie watoto kelele. Unafanya kazi usiku wa manane wakati hakuna anayekudai kazi hiyo. Uwanjani huji tena. Mgongo unauma, kichwa kinauma, vipimo havionyeshi kitu. Na pombe, ambayo kwako ilikuwa ya kukaa na watu, sasa unakunywa peke yako. Kabla hujamshuku shemeji: hajaniambia lolote. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Watu wengi wakisikia ugonjwa wa sonona (depression) hufikiria mtu aliyelala kitandani, kajifunika shuka, analia. Kwa wanaume wengi haiji hivyo. Huja kwa hasira, kwa kazi isiyoisha, kwa ulevi, kwa kuendesha gari kama mtu asiyejali, kwa maumivu ya mwili yasiyo na chanzo. Ndiyo maana inaweza kumpita hata mke anayelala naye chumba kimoja. Wataalamu huuliza kama hali imedumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, ikivuruga usingizi, hamu ya kula, kazi, na furaha ya vitu ulivyovipenda. Kwako wiki mbili zimepita zamani. Mimi si daktari, na kumlilia baba si ugonjwa. Majonzi hayana tarehe ya mwisho. Ninachotaka ni kwamba mtu anayejua kutofautisha majonzi na sonona akuangalie.

Sasa swali ambalo nimelibeba kwa muda. Je, umefika mahali pa kufikiria kujiua?

Nauliza kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Wapo wanaoogopa kwamba ukimuuliza mtu unampandikizia wazo. Waliolichunguza jambo hili hawakuona hivyo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna mtu kalitaja. Na nina sababu ya kuogopa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na mwaka 2019 kiwango cha wanaume kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Huenda wengi wao walikuwa na marafiki waliokuwa wakiambiwa "salama tu".

Kama jibu ni ndiyo, usinifiche kwa kunihurumia. Nipigie saa hiyo hiyo, hata iwe saa tisa usiku, na usikae peke yako nikiwa njiani. Mwamshe shemeji. Tutakwenda hospitali pamoja, na chochote ndani ya nyumba unachoogopa kwamba unaweza kujidhuru nacho nitakichukua nikae nacho mimi. Saa ile mbaya kuliko zote huwa inapita, na mtu akiivuka anaweza kupona kabisa. Kama jibu ni hapana, nitakuamini. Na siku nyingine nitakuuliza tena.

Najua tumekuzwa kwa "jikaze kisabuni". Sina ugomvi na yote tuliyofundishwa. Kutimiza ahadi, kuwalinda walio dhaifu, kuvumilia pale uvumilivu unapomsaidia mtu: hayo mzee alikuachia na wewe uwaachie wanao. Lakini kumbuka siku ile tulipombeba. Tulikuwa wengi, tukipokezana mabega njia nzima, na hakuna aliyekucheka kwa kuwa hukumbeba peke yako. Mbona basi huzuni yake unaibeba bila kumpa mtu hata upande mmoja?

Wala sikuambii tukae kwenye viti viwili tutazamane ueleze moyo wako. Ningekimbia hata mimi. Kule Australia, kuanzia miaka ya 1990, wanaume, wengi wao wastaafu, walianza kukutana kwenye karakana za pamoja kutengeneza meza na kufufua baiskeli mbovu. Waliozianzisha walielewa jambo moja kuhusu sisi: mwanaume akiwa na msumari mkononi na mwenzake kando yake, maneno hutoka yenyewe. Naiona hekima kubwa humo. Mambo mazito tuliyowahi kuambiana wewe na mimi yote tuliyasema tukiwa tunatembea, macho yakiwa mbele.

Na usidhani urafiki ni kitu cha ziada, cha kufanywa muda ukipatikana. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ukawafuata wanaume mamia kadhaa tangu ujana mpaka uzeeni. Walioridhika zaidi na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Jambo hilo lilitabiri afya zao kuliko hata kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Nataka tufike 80, swahiba.

Kuhusu mtaalamu: mchague wewe, awe mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Nitakusindikiza, nitakusubiri nje, na tukirudi sitakuuliza mliongea nini. Kama wa kwanza hamtaelewana, tutamtafuta mwingine. Hilo si jambo la ajabu. Akikuandikia dawa, ujue huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo usiziache wiki ya kwanza ukasema hazifai, na usizichanganye na pombe. Wengine hupona kwa mazungumzo peke yake.

Lango lako limelegea bawaba tangu kabla ya msiba. Jumamosi saa tatu asubuhi nitafika na bisibisi na mafuta ya kulainisha. Ukitaka kuongea, tutaongea. Usipotaka, tutatengeneza lango. Ila lile swali langu nijibu kabla ya hapo, hata kwa neno moja tu.

Msalimie mama na shemeji.

Ni mimi, ndugu yako.