Barua kwa mdogo wangu aliyeicheka timu yangu ya Berlin

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, pamoja na kicheko kilichokuja nyuma yake. Nilituma picha moja tu kwenye kundi la familia: uwanja mdogo, watu wa kuhesabika, na mtoto anaufukuzia mpira uliotoka nje. Ukaandika, "Kaka, yaani umepanda ndege mpaka Ujerumani kwenda kuangalia ndondo?" Shangazi akacheka, binamu naye akaongeza chumvi. Nilinyamaza kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Nimeliandika hapa, na wewe ndiye utakayewapelekea wote waliocheka.

Timu ile inaitwa Tasmania. Ndiyo, kama kile kisiwa cha Australia, na hukukosea kushangaa. Ilianzishwa mwaka 1900 na vijana wa Rixdorf, mji uliokuwa pembeni ya Berlin. Inasimuliwa kwamba vijana hao walikuwa na ndoto ya kuhamia Tasmania kutafuta maisha. Kisiwani hawakufika, ila jina lilibaki. Mji wao ndio uliobadilishwa jina. Rixdorf ilikuwa imejijengea sifa ya kumbi za dansi na ulevi kiasi kwamba mwaka 1912 wakubwa wake waliona bora uitwe Neukölln. Baadaye Berlin ikaumeza. Ndiko huku ninakonunua bamia na ndizi za kupika, kwa maduka ya Waarabu na Waturuki.

Kabla hujasema "timu ya mtaani", ujue kwamba Tasmania ilikuwa bingwa wa Berlin Magharibi mwaka 1959, 1960 na 1962. Ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ilipoanza mwaka 1963, nafasi ya Berlin ilikuwa moja tu, wakapewa Hertha. Tasmania wakameza mate, wakaendelea na daraja la chini.

Sasa kaa vizuri, maana mambo yenyewe ni ya mwaka 1965.

Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa Agosti 1961. Berlin Magharibi ilikuwa imezungukwa pande zote na Ujerumani Mashariki, na mchezaji mzuri wa Munich au Hamburg ukimwambia ahamie huko alikuona hauko sawa. Hertha ikaona dawa ni bahasha. Ligi ilikuwa imeweka kikomo cha mishahara na pesa za usajili, Hertha ikapitisha nyingine chini ya meza, vitabu vikakaguliwa, ikakutwa, ikafukuzwa ligi kuu. Wenyewe walijitetea kwamba kila klabu inafanya hivyo. Mimi nadhani hawakuwa waongo, walikuwa tu wamekamatwa.

Lakini ligi kuu isiyokuwa na timu ya Berlin, katika miaka ile ya vita baridi? Wakubwa hawakutaka hata kulisikia. Ilibidi itafutwe timu ya Berlin, yoyote. Bingwa wa daraja la chini alikuwa Tennis Borussia, ila alishajaribu kupanda kwenye mechi za mchujo akashindwa. Wa pili alikuwa Spandauer SV, naye akasema ahsante, hatuwezi. Wa tatu alikuwa Tasmania. Tasmania akasema ndiyo.

Kumbuka na hili, tutalirudia. Ili kelele zipungue, timu mbili zilizoshika mkia msimu uliotangulia, Karlsruhe na Schalke, ziliachwa zibaki, na ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Shika jina la Schalke.

Zilikuwa zimebaki kama wiki mbili msimu uanze. Wachezaji wa Tasmania walikuwa likizo, ikabidi warudishwe haraka. Wengi wao walikuwa na ajira zao za kawaida na mpira ulikuwa wa jioni. Klabu ikamsajili Horst Szymaniak, kiungo aliyeichezea timu ya taifa mara 43 na aliyekuwa akitokea Italia, ili kikosi kiwe na jina kubwa hata moja. Usajili wa namna hiyo tunaujua sisi: staa mmoja, wenzake kumi wakimwangalia.

Agosti 14, mechi ya kwanza, Uwanja wa Olimpiki, dhidi ya Karlsruhe wale wale walioachwa wasishuke. Watu zaidi ya 80,000. Tasmania ikashinda 2-0, magoli yote mawili ya Wulf-Ingo Usbeck. Hebu fikiria Neukölln usiku ule! Hata mimi, nikisoma miaka yote hii baadaye, nafika hapo natamani kufunga kitabu.

Maana ushindi uliofuata ulikuja Mei 21 mwaka 1966. Katikati yake kuna mechi 31 bila kushinda hata moja. Machi walipigwa tisa kwa bila na Meidericher SV, nyumbani, kwa mashabiki wao wenyewe. Mpaka leo hakuna timu ya Bundesliga iliyofungwa vibaya zaidi ya hapo nyumbani kwake. Walipomaliza mechi 34, hesabu ilikuwa hivi: kushinda 2, sare 4, kufungwa 28. Magoli ya kufunga 15, ya kufungwa 108. Pointi 8, enzi hizo ushindi ukiwa na pointi mbili. Msimu huo huo kulikuwa na mgeni mwingine ligi kuu, kapanda kihalali na kamaliza wa tatu. Anaitwa Bayern Munich, wewe una jezi yake.

Watu hupenda kutaja ile tisa. Mimi inayonikaa kichwani ni sare. Januari 15, 1966, baridi yenyewe ya Berlin unaifahamu kwa malalamiko yangu, Tasmania ilicheza na Borussia Mönchengladbach ikapata 0-0. Uwanja ule ule uliojaa Agosti, sasa una watu 827. Kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936, watu 827 hawajazi hata kona moja. Miaka na miaka ikapita, hakuna mechi ya Bundesliga iliyopata watazamaji wachache kuliko hao, mpaka korona ilipofunga milango. Nawaza juu ya hao 827 kuliko wale 80,000. Walijua kabisa wanakwenda kuona nini, wakavaa makoti, wakaenda.

Walishuka, bila shaka, na ligi kuu hawakurudi tena. Madeni yakaongezeka, na mwaka 1973 klabu ikafilisika ikafutwa. Hapo ndipo ungetegemea kisa kiishie. Lakini mapema mwaka huo huo watu wa Neukölln walikuwa wameshaanzisha klabu mpya, SV Tasmania 73, wakaanzia chini kabisa na watoto wao. Sheria inasema hii si ile. Mtaa unasema ni ile ile, na mimi nipo upande wa mtaa.

Tulisema tutarudi kwa Schalke. Msimu wa 2020/21 Schalke walifika mechi 30 bila kushinda. Ingebaki moja tu wafikie rekodi ya Tasmania. Magazeti yakamiminika Neukölln kuuliza wanajisikiaje kukaribia kuondokewa na aibu yao, yakakuta watu hawataki kabisa kuondokewa nayo! Rekodi ni yao, ndiyo inayofanya mtu wa Munich alijue jina lao. Wakawa wanaiombea Schalke ishinde. Januari 9, 2021, Schalke ikaifunga Hoffenheim 4-0, rekodi ikabaki nyumbani. Na hao Schalke ndio waliookolewa mwaka 1965 na kikao kile kile kilichomsukuma Tasmania kwenye moto. Baadaye mwaka 2021 Tasmania ikapanda daraja la nne, ikakaa msimu mmoja, ikashuka. Sikushangaa wala sikulia.

Uwanja ulioucheka nao una habari yake. Unaitwa Werner-Seelenbinder-Sportpark, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, ambako siku hizi watu wanarusha tiara na kuchoma nyama. Seelenbinder alikuwa mwanamieleka, mkomunisti, aliyeshika nafasi ya nne kwenye Olimpiki ile ya 1936. Mwaka 1944 serikali ya Hitler ilimkata kichwa. Majivu yake yamezikwa hapo hapo uwanjani. Baadaye, vita baridi ikiwa imepamba moto, jina la mkomunisti liliondolewa langoni, likaja kurudishwa 2004. Kwa hiyo mtu akienda kununua soseji mapumziko anapita jirani na kaburi.

Na kama bado unataka jina la kumnyamazisha binamu: Antonio Rüdiger, beki yule wa Real Madrid unayemwogopa hata kwenye runinga, kazaliwa Berlin, kakulia Neukölln, na utotoni kapitia Tasmania.

Sasa ile picha. Niliipiga dakika chache baada ya timu yetu kufungwa bao la pili, bao la kizembe, kipa na beki wakitegeana. Pembeni yangu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye skafu ya bluu na nyeupe iliyofifia na chupa yake ya chai. Namkuta hapo kila nikienda, na hatujawahi kuulizana majina. Wapinzani wanakumbatiana, vijana wa kwetu wameinamisha vichwa, hakuna anayesema neno. Mzee akamimina chai kwenye kifuniko, akanywa, akanionyesha vidole saba.

"Bado saba," akasema.

Tulicheka mpaka mwamuzi akageuka kutuangalia.

Wasalimie nyumbani. Shangazi mwambie chai yake ya tangawizi imeisha, mtu yeyote anayekuja huku anibebee.

Kaka yako, Neukölln