Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikubaliana tuache kudonoadonoa, mwaka mzima tuutoe kwa gari moja la mbio: Chaparral 2J ya 1970. Wapo waliosema gari lililoshiriki mbio nne tu halistahili miezi kumi na miwili. Nami nilikuwa na wasiwasi huo. Leo sina.

Kwa waliojiunga karibuni, gari hili lilitoka Midland, Texas, kwenye karakana ya Jim Hall, wahandisi wa Chevrolet wakisaidia. Hall alikwishafunga bawa refu la kuligandamiza gari chini kwenye 2E, gari lake la awali, mwaka 1966. Ila bawa hutegemea mwendo: kwenye kona kali gari hupunguza kasi, na bawa huishiwa nguvu pale pale dereva anapolihitaji. Kwenye 2J wakaamua kunyonya hewa ya chini ya gari. Nyuma kulikaa feni mbili zilizotolewa kwenye mzinga wa kijeshi unaojiendesha, zikizungushwa na injini ndogo ya chombo cha kwendea thelujini. Kingo za chini zilizibwa kwa sketi za plastiki ngumu, zikipanda na kushuka kufuata springi ili mwanya kati yake na lami ubaki mdogo. Hapo hewa ya nje ikaligandamiza gari chini, liwe linakimbia au limesimama.

Hilo la kusimama wengi hatukuliamini mpaka kamati ya ufundi ilipoleta kigari chao cha mbao chenye feni za kompyuta. Ubao uliinuliwa hadi karibu wima, kigari kikang'ang'ania. Feni zilipozimwa, kikadondokea mikononi mwa Katibu. Kelele za ukumbi siku ile sijazisahau, na kamati naishukuru kwa moyo wote.

Huko mbioni, kwenye mashindano ya Can-Am ya Marekani na Kanada, dereva Jackie Stewart alilianza kwenye uwanja wa Watkins Glen, akaweka mzunguko wenye kasi kuliko yote, kisha akalazimika kutoka. Dereva Vic Elford akalipokea, na kwenye viwanja vya Road Atlanta, Laguna Seca na Riverside vyote alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia; Riverside alimwacha wa pili kwa zaidi ya sekunde mbili. Ushindi haukupatikana. Atlanta alimaliza wa sita, Laguna Seca injini kubwa ilikufa kabla ya kuanza, Riverside ile ndogo ya feni ikagoma mapema.

Msimu ulipoisha likapigwa marufuku, baada ya timu pinzani kulalamika kwamba feni na sketi ni vifaa vya kuongoza hewa vinavyosogea, ambavyo kanuni zilivikataza. Tulibishana sana juu ya hili, na msimamo wangu mnaujua: waliolikagua na kuliruhusu liingie mbioni hawakupaswa kuligeuka. Waliogopa gari moja lingeua ushindani wa Can-Am, lakini Porsche wakaja kutawala 1972 na 1973, na 1974 mashindano yale yakafika mwisho.

Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Mimi naongeza tu kwamba waliochelewesha ada wengi wamelipa.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Brabham BT46B, gari la feni ambalo Niki Lauda alishinda nalo Anderstorp, Sweden, mwaka 1978. Kabla ya hapo kigari chetu kinahitaji sketi mpya, za sasa zimelika kabisa. Mwenye vipande vya plastiki ngumu nyumbani avilete kwa kamati ya ufundi.

Mwenyekiti