Asante mama wa foleni ya chanjo, Nkuhungu

Mama uliyekuwa na mbwa mweusi kwenye foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, shikamoo. Jina lako sikulipata, ila asante sana. Mbwa wangu Popi alilia na kuhema kisa mbwa wangu mwingine, Simba, katangulia hatua chache tu. Watu walicheka. Wewe ukasema, "Huyo hajui kukaa peke yake, mwanangu. Mfundishe kidogo kidogo."

Basi, sasa kila mmoja anakula kona yake. Asubuhi, kabla jua la Dodoma halijawaka, natembea na Popi peke yake. Jioni zamu ya Simba. Nikiwatenganisha, Popi namwachia mfupa wa kuguguna, kisha namfungulia angali ametulia. Hapo ndipo ulipo utamu wa ushauri wako: mbwa akifunguliwa huku analia, anajifunza kulia. Tulianza na dakika chache. Siku hizi naenda soko la Sabasaba na kurudi, kimya.

Simba naye kapumua, maskini, maana hata maji alikuwa anakunywa huku anasukumwa. Majirani, ambao sasa wanalala, nao wanakusalimu.