Risala ya Wanafunzi wa Kike wa Utangazaji kwa Mgeni Rasmi: Meza ya Wanawake, Saa Tano Asubuhi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mama yetu, kwa kuitikia wito wetu ijapokuwa tunafahamu wingi wa majukumu yako. Tulipokaa kutafakari nani awe mgeni wetu, kikao hakikuchukua muda. Wengi wetu tuliijua sauti yako redioni kabla hatujajua kusoma, na tulitaka tusikilizwe na mtu anayejua kwamba taa nyekundu ya studio ikishawaka, neno likitoka halirudi.

Sisi ni wanafunzi wa kike 14 wa mwaka wa pili. Muhula huu tulijipangia kazi nje ya ratiba ya darasa, nayo ni kuchambua vipindi vya mazungumzo vya mchana ambavyo meza nzima ni ya wanawake. Tulikusudia kutazama vingi, vikiwamo Loose Women cha Uingereza kilichoanza mwaka 1999 na The Talk cha Marekani kilichoanza mwaka 2010 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo, kila jioni tulijikuta tunarudi kwenye kile kilichovitangulia, yaani The View cha kituo cha ABC cha Marekani, kwa sababu mengi ya mafanikio yake na makosa yake yalitokea hadharani, kipindi kikiwa hewani. Risala hii inaeleza tulichokiona humo, tulichokijaribu wenyewe, na tunachokiomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huwezi kuielewa meza ile bila kumjua aliyeiweka. Barbara Walters alizaliwa Boston mwaka 1929. Alipokuwa katika kipindi cha asubuhi cha Today cha NBC, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtangazaji mkuu wa kiume aliweka masharti kwamba mgeni mzito akija studioni, yeye mwanamume aulize maswali matatu ya kwanza, na Bi. Walters asubiri la nne. Hakuomba ahurumiwe. Kwa kuwa masharti yale yaliishia kwenye mlango wa studio, alitoka nje akawafuata wageni walipo, na huko akauliza la kwanza hadi la mwisho. Mwaka 1976 ABC ilimchukua awe mwanamke wa kwanza kusoma taarifa ya habari ya jioni ya mtandao mkubwa wa televisheni wa Marekani akiwa mtangazaji mwenza, na mwenzake mezani hakuficha kwamba hakumtaka.

Tulisimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu habari ile ya swali la nne haikuwa ngeni kwetu. Tulipokwenda mafunzo kwa vitendo, katika kituo ambacho hatutakitaja, wanafunzi wenzetu wa kiume walipewa kumhoji mgeni, na sisi tukapewa kusoma salamu na ujumbe wa wasikilizaji. Mmoja wetu aliandaa maswali tisa kwa ajili ya mgeni wa siku hiyo, akayaandika vizuri kwenye karatasi, na akaamriwa ampe mwenzake ayaulize. Aliyasikia maswali yake yote tisa yakiulizwa, naye amekaa upande wa pili wa kioo.

The View kilianza tarehe 11 Agosti 1997 huko New York, Bi. Walters akiwa na umri wa miaka 67, na alikianzisha pamoja na mtayarishaji Bill Geddie. Alitaka wanawake wa rika tofauti, waliotoka katika maisha tofauti, na wenye mitazamo tofauti. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Meredith Vieira, mwandishi wa habari mzoefu na mama wa watoto watatu. Pembeni yake walikaa Star Jones, mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka Brooklyn; Joy Behar, mchekeshaji aliyewahi kufundisha Kiingereza; na Debbie Matenopoulos, msichana wa miaka 22 ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza maisha. Bi. Walters mwenyewe alikuwa wa tano, ingawa hakukaa mezani kila siku. Kwa maneno ya nyumbani kwetu, pale palikuwa na bibi, mama, shangazi, dada na binti, na kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kumkatalia mwingine.

Utaratibu wa kipindi ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Asubuhi watangazaji hukutana na watayarishaji, hupitia habari za siku, na kuchagua zile ambazo kila mmoja ana la kusema juu yake. Saa tano asubuhi kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku kutegemea majira yao, kipindi huingia hewani mubashara, na sehemu ya kwanza huwa ni mada moto za siku hiyo, bila mgeni na bila hotuba iliyoandikwa. Mgeni huja baadaye. Utangulizi huo ndio roho ya kipindi, kwani mtazamaji aliyebaki nyumbani anakuta watu wanajadili jambo lile lile aliloamka nalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliyatazama matukio mengi, lakini matatu yalitugawa sisi wenyewe, na tunaomba tuyaeleze.

La kwanza ni la tarehe 23 Mei 2007. Watangazaji wawili wa meza ile, Rosie O'Donnell na Elisabeth Hasselbeck, waliokuwa wakisigana kwa miezi juu ya vita vya Iraq, siku hiyo waliacha kuzungumzia vita na kuanza kuzungumziana wao. O'Donnell aliona kwamba maneno yake yamepotoshwa huko nje na kwamba mwenzake, aliyekuwa akimwita rafiki, hakumtetea. Hasselbeck alijibu kwamba kila mtu ajitetee mwenyewe kwa maneno yake. Katikati ya mabishano hayo, walioko chumba cha mitambo waliigawa skrini mara mbili, sura moja kushoto na nyingine kulia. Tulirudia kipande hicho mara nyingi. Kabla ya skrini kugawanywa unaona meza, unaona wenzao wawili wakitafuta pa kuingilia, unaona vikombe. Baada ya kugawanywa, meza haipo tena, wenzao hawapo, na wanawake wawili waliokaa karibu kiasi cha kushikana mkono wanaonekana kama mabondia kwenye bango la pambano. O'Donnell hakurudi mezani mpaka mwaka 2014, na baadaye alisema hadharani jinsi picha ile ilivyomuumiza. Sisi tunaokwenda kusomea uongozaji wa picha tuliandika kwenye madaftari yetu kwamba ugomvi ule ulikuwa wa watu wawili, lakini uamuzi wa kuufanya uwe pambano ulitoka chumba kingine.

La pili ni la tarehe 14 Oktoba 2010. Bill O'Reilly, mtangazaji wa kituo cha Fox News, alialikwa, na mazungumzo yakaingia kwenye mpango wa kujenga kituo cha Kiislamu karibu na mahali yalipokuwa majengo ya World Trade Center. Aliposema kwamba Waislamu ndio waliowaua watu tarehe 11 Septemba, bila kutofautisha magaidi na waumini wengine, Joy Behar na mtangazaji mwenzake Whoopi Goldberg walisimama na kuondoka studioni. Bi. Walters, aliyekuwa amefikisha miaka 81, alibaki kwenye kiti chake. Aliwaambia watazamaji kwamba walichokiona hakikupasa kutokea, kisha akamgeukia mgeni na kumwambia kwamba haifai kuihukumu dini nzima kwa matendo ya watu wenye msimamo mkali. Mgeni aliomba radhi kwa yeyote aliyedhani ameikashifu dini nzima, na wale wawili wakarudi kukaa. Darasa letu lina Waislamu na Wakristo, na hatukukubaliana. Wako waliosema kuondoka kulikuwa ndiyo jibu pekee lenye heshima. Wengine, na ndio waliokuwa wengi kidogo, walisema kwamba maneno ya mgeni yalisahihishwa na yule aliyebaki.

La tatu ni la tarehe 8 Oktoba 2024. Kamala Harris, wakati huo Makamu wa Rais na mgombea urais, alikuwa mgeni. Sunny Hostin, mmoja wa watangazaji wa meza ile na mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, alimuuliza iwapo kuna jambo ambalo angelifanya tofauti na Rais Biden katika miaka minne iliyopita. Alijibu kwamba hakuna linalomjia akilini. Upande wa mpinzani wake ulichukua jibu hilo na kulitumia katika matangazo ya kampeni. Tunalitaja kwa sababu tulifundishwa kwamba vipindi vya mchana ni vyepesi, vya mapishi, mitindo na nyota wa filamu. Humo ndimo Rais Obama alimoketi Julai 2010, akiwa Rais wa kwanza aliye madarakani kuhudhuria kipindi cha mazungumzo cha mchana, na humo ndimo swali fupi lisilo na hila, lililoulizwa na mwanamke aliyependezwa na mgeni wake, lilipofanya kazi kuliko maswali mengi ya usiku.

Hatusemi kwamba meza ile haina kasoro. Mwaka 2022 Whoopi Goldberg alisimamishwa kwa wiki mbili baada ya kusema kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakuhusu ubaguzi wa rangi, naye aliomba radhi. Tena tumeona kwamba kiti cha mwenye mtazamo wa kihafidhina kimekuwa mara nyingi kiti cha mmoja dhidi ya wanne. Aliyekaa hapo akinyamaza anaonekana ameshindwa, na akisema anaonekana mgomvi. Kwa maoni yetu, hiyo si haki, na sisi tukipanga meza yetu tutahakikisha kwamba hakuna anayekaa upande wake peke yake kila siku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kutazama, tulijaribu. Tuliazima meza ya bwalo na viti vitano, tukafunga simu kwenye rundo la vitabu, na kuchagua mada ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni, jambo ambalo Serikali yetu iliruhusu Novemba 2021. Tulizungumza kwa nusu saa. Tuliporudia kutazama, tulisikitika. Mara 11, mtu alianza zamu yake kwa kusema "naungana na mwenzangu aliyetangulia". Tunajuana, tunajua kwamba mezani pale walikuwapo wawili ambao bwenini hubishana juu ya jambo hilo hilo mpaka taa zinazimwa. Ila kamera ilipowashwa, wote waliungana.

Mazoezi ya pili tulipiga marufuku sentensi hiyo. Mmoja wetu, ambaye dada yake alirudi shuleni akiwa na mtoto wa miezi minane, alisikia mwenzake akisema kwamba ruhusa bila mahali pa kumwacha mtoto ni ruhusa ya karatasi. Alitulia kidogo, akasogeza kikombe chake, akasema, "Hapo sikubaliani nawe, dada, na nitakwambia kwa nini." Kilichofuata kilikuwa dakika tisa ambazo hakuna aliyeziangalia saa. Jioni ile wawili hao walipanga foleni ya ugali pamoja, bado wanabishana.

Hatukuhitaji kwenda New York kujua kwamba wanawake wanaweza kukaa meza moja na kusema mambo mazito. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, miaka kumi kabla ya The View. Tulichokiona huko, na ambacho bado hatujakipata hapa chuoni, ni kupewa muda ule ule, kila siku, mbele ya watu wale wale, ili aliyekukatalia leo umkute kesho mezani.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Tunaomba Chuo kitupatie saa moja ya studio kila wiki, mchana na mubashara, kwa sababu nafasi tuliyonayo sasa ni ile inayobaki Ijumaa usiku mafundi mitambo wakiwa wanafunga. Tunaomba pia, kupitia kwako, tusaidiwe vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye nguo. Tunavyo viwili tu, na mtu hawezi kumkatalia mwenzake kwa wakati ikiwa lazima kwanza asubiri kupokezwa kipaza sauti. Meza tutaitengeneza wenyewe. Fundi wa hapa jirani amekwisha kutupa bei ya mbao, na michango imeanza.

Ombi la mwisho si la fedha. Viti vinne vya meza yetu vina wenyewe, na majina yao yamebandikwa nyuma ya kila kiti. Cha tano, kile ambacho Bi. Walters alikalia mpaka alipostaafu Mei 2014 akiwa na miaka 84, hatukubandika jina. Tunakuomba, Mama, kipindi chetu cha kwanza kitakapopangiwa tarehe, uje ukikalie, na ukituona tumekosea, utukatalie hewani.

Tunaomba kuwasilisha.